Kanga Mpya Juu ya Pijo

Jumamosi, 21 Juni 1986

Nimeonywa. Tena mbele ya wapishi wa harusi! Shangazi Mahfudha alitoka uani baada ya chai, akaenda moja kwa moja bandani, akapitisha kidole juu ya boneti ya Pijo. Kidole kikatoka cheupe. Akanionyesha. Nikasema ni vumbi. Akasema kufuta vumbi hakuanza leo, huo ni unga wa rangi iliyokufa, na akataka kujua nimekuwa nikifanya nini miezi kumi na moja. Nikajibu nilikuwa naipumzisha.

Jibu baya.

Nieleze, ili hata nikifa leo shajara hii inisafishe. Pijo 403, rangi ya maziwa, ya mwaka 1958. Aliinunua marehemu Bwana Abdalla, mume wa Shangazi, akaitunza kama mtoto. Kila Alhamisi maji baridi, nta ya kopo na fulana kuukuu. Mtaliana mmoja alikuja mara tatu kuitaka, mara tatu akapewa kahawa akarudi kwake. Mwaka jana marehemu alipofariki, funguo nilikabidhiwa mimi, mtoto wa kaka yake Shangazi, pamoja na makopo matatu ya nta. La kwanza lilikwisha kwenye viatu vyangu. La pili kwenye baiskeli. La tatu lilikauka kwa sababu nilisahau kifuniko. Hayo Shangazi hayajui.

Ijumaa ijayo binti yake wa pekee, Shekha, anaolewa Mambrui. Amesema atatoka nyumba ya baba yake ndani ya gari la baba yake, au atakwenda kwa miguu. Na yule kwa miguu anaweza! Shida ni Bi Tumu, shangazi wa bwana harusi, ndiye aliyemlea. Mwezi uliopita alisema katika harusi ya watu kwamba nyumba ya marehemu Abdalla haina kitu tena ila binti mmoja na gari lililokufa. Maneno yalifika Malindi kabla mwenyewe hajamaliza pilau. Shangazi ametukataza kujibu, hata nusu neno, kwa ajili ya Shekha. Wiki nne anameza. Lakini anataka gari liingie Mambrui liking'aa.

Kwa hiyo amemtumia habari fundi mmoja wa Kilifi, jina lake Dena, anayeng'arisha magari ya wageni katika hoteli moja ya Bofa. Nikaomba. Nikasihi. Nikashika ncha ya buibui. Nimepewa mpaka Jumanne adhuhuri. Shangazi asipouona uso wake kwenye boneti, funguo anapewa Dena na mimi nisizione tena.

Funguo zangu! Humu nisiwe mwongo. Tangu nizipate, nikifika barazani watu husogea nipate pa kukaa. Huniita Bwana Abdulghani. Kabla ya hapo niliitwa yule wa kwa Bi Mahfudha. Nina miaka thelathini na tisa, nalala chumba cha uani kwa shangazi yangu, na sina kingine duniani. Naogopa.

Jumapili, 22 Juni

Mpango umepatikana. Mafuta ya nazi! Nywele za wanawake wa pwani nzima hung'aa kwa kitu gani? Ajabu kwamba hakuna aliyewaza hili kabla yangu. Nilichukua chupa mbili jikoni (ni za harusi, nitazirudisha), nikapaka gari zima kutoka taa za mbele hadi bampa ya nyuma.

Salala! Liling'aa. Niliona pua yangu, meno yangu, hata ndevu moja niliyoisahau chini ya kidevu. Nikaenda kuvaa kanzu ili nimwite Shangazi kwa heshima inayostahili.

Dakika kumi tu. Niliporudi, upepo wa kusi ulikuwa umeshapita. Mchanga wote wa mtaa uko juu ya Pijo. Manyoya ya kuku pia. Sisimizi wamepanga mstari kutoka tairi mpaka kioo. Gari limekuwa kama samaki aliyepakwa unga, bado kukaangwa.

Shekha akatoka. Nilitaraji acheke, maana huwa ananicheka. Hakucheka. Alisimama mlangoni pa banda akasema kwamba baba yake hakuruhusu hata kuku kupita karibu na hapo. Kisha akaingia ndani. Iliniuma, sifichi. Nimetumia ndoo kumi na nne za maji na kipande kizima cha sabuni, na mafuta yametoka nusu.

Shangazi amezitafuta chupa zake mbili. Nimemwambia ni panya. Ameuliza ni panya gani hao wanaokunywa mafuta na kurudisha kifuniko.

Jumatatu, 23 Juni

Nta ya kweli haitoki koponi, hutoka kwa nyuki! Wazo hili lilinijia nikiwa bado kitandani. Nilijishangaa.

Nikamwendea Mama Kanze sokoni, yule anayeleta asali na nta kutoka Adu. Nikamwambia nataka nta ya gari. Akauliza gari linaumwa wapi. Mwanamke wa mzaha. Akanionya kwamba nta ile bado imeshika asali, niiyeyushe mara mbili, niichuje kwa kitambaa, niiache mpaka kesho yake. Nikamwambia mama, mimi na nta tumekua pamoja. Akavitazama viatu vyangu, akanifungia ile nta.

Kuchuja! Muda uko wapi? Adhuhuri yangu ni kesho. Nimeiyeyusha mara moja katika sufuria ya Shangazi, nikachanganya na mafuta ya taa kidogo ili iwe laini. Moto uliruka. Nyusi ya kushoto sinayo tena. Nikapaka saa saba mchana, juani kabisa, ili isigande. Iligandia palepale, mabonge mabonge, kila mahali. Nimesugua mpaka mikono imekufa ganzi.

Lakini harufu yake! Mtaa wote unanukia asali. Jirani amesema hajawahi kuona gari linalonukia namna hii. Nimelipokea neno hilo kama sifa. Ukisimama pembeni, ukafumba jicho moja, boneti inang'aa kidogo.

Kesho Shangazi atajiona. Nahisi ushindi.

Jumanne, 24 Juni

Nyuki.

Walianza saa mbili asubuhi, wachache, nikawapungia kofia. Saa tatu walikuwa kundi. Saa nne Pijo haikuonekana rangi yake. Wapishi walikimbia wakaacha miiko ndani ya masufuria. Shangazi alikwama chooni, akawa ananiita kwa jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Nilikuwa chini ya kitanda. Niliitika kila mara.

Hapo ndipo Dena akafika. Mapema kuliko alivyoitwa! Mtu mwembamba, mchache wa maneno, begi la turubai begani. Hakuuliza kitu. Aliokota makumbi ya nazi, akayawasha, akayanyunyizia maji yatoe moshi, akalizunguka gari polepole. Nyuki wakaondoka wenyewe, bila haraka. Kisha akaenda mlangoni pa choo, akageuza uso pembeni, akasema, "Shikamoo mama, unaweza kutoka sasa." Shangazi akaitikia marahaba kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuitikiwa tangu nizaliwe.

Nimeumwa mara sita. Moja sikioni. Hakuna aliyeuliza.

Dena akapitisha kiganja juu ya boneti. Akakinusa. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, umeipaka nini?" Nikasema ni siri ya kazi. Akasema siri hiyo itabidi ioshwe yote, ya nyuki na ya nazi pia. (Amejuaje ya nazi?) Halafu rangi iliyokufa isuguliwe kwa polishi ya kukata mpaka rangi hai ya chini itokeze. Hiyo ndiyo kazi ya kesho. Keshokutwa ni nta, ipakwe mara mbili. Ijumaa gari liko tayari.

Nikangoja hukumu. Shangazi akasema hataki ugomvi wiki ya harusi, basi funguo zikae kwangu kwanza. Lakini kosa moja tu tena, hata liwe dogo namna gani, na ni basi. Alisema hayo akiangalia mahali nyusi yangu ilipokuwa.

Sitafanya kosa.

Jumatano, 25 Juni

Siku nzima nimemtazama Dena. Nilikuwa natafuta dosari. Sijaipata, na nimekasirika.

Hafanyi kazi juani. Husubiri bati lipoe, analigusa kwa mgongo wa mkono, ndipo aanze. Hupaka sehemu ndogo tu, ukubwa wa sinia ya kahawa, akaimaliza kabla hajaigusa nyingine. Kitambaa kikianguka chini hakiokoti tena, anachukua kipya, kwa sababu punje moja ya mchanga hukwaruza mlango mzima. Nikamwambia ana mambo mengi. Akasema gari lenyewe ndilo lina mambo mengi.

Adhuhuri rangi ya maziwa ikaanza kurudi. Kwanza boneti, kisha milango. Shekha akaja. Akagusa mlango wa nyuma, ule aliokuwa akikaa kando yake utotoni marehemu akisugua, akasema, "Ndiyo yenyewe." Kisha akamshukuru Dena. Dena! Na maji ya ndoo zote yalitekwa na nani? Wivu ninao na siuonei haya.

Baada ya Alasiri Dena aliosha mikono. Nta yake iko Bofa, atalala huko na kurudi nayo kesho saa nne. Akaniusia mara mbili, kama mtoto. Kwamba gari sasa liko uchi. Rangi iliyosuguliwa ikakosa nta hunywa chochote kinachoigusa. Lisiguswe na mkono, wala maji, wala kitambaa. Lilale bandani, basi.

Nikaitikia. Kisha nikatazama juu. Makuti ya banda yana matundu. Je, mvua? Je, ndege? Dena hakuwaza ndege! Na nikawaza mbali zaidi. Kesho asubuhi wanawake wote wa mtaa wanakuja kwa hina. Gari liwe limefunikwa. Mimi nisimame mbele yao, nivute kitambaa, taratibu. Anayefunua ndiye atakayekumbukwa. Nani atamkumbuka aliyesugua?

Nikaenda dukani nikachukua doti ya kanga mpya, pamba nzito, nyeupe yenye mapambo mekundu. Redio ya mwenye duka ilikuwa inazungumza Kombe la Dunia, hatukuikagua sana. Maandishi sikuyasoma, hayo ni mambo ya wanawake. Nimeikata. Kipande kimoja nimekitandaza juu ya boneti, cha pili nimekiweka akiba. Hicho cha bonetini sikukifua, kwa makusudi. Kanga mpya ina wanga, na wanga utaendelea kuing'arisha rangi polepole mpaka asubuhi, mimi nimelala. Kazi bila jasho. Dena ana miaka mingapi katika kazi hii na hajawahi kuliwaza hilo?

Alhamisi, 26 Juni

Lahaula! Lahaula!

Alfajiri kulinyesha. Si mvua hasa, manyunyu ya kusi. Makuti yakavuja, kama nilivyotabiri. (Nilitabiri! Iandikwe.) Niliposwali nikakimbilia bandani. Kanga imelowa chapachapa. Nikainua ncha moja. Nyekundu. Nikairudisha. Nikavuta pumzi, nikaomba, nikainua tena. Bado nyekundu.

Maua, korosho, miraba ya pembeni, vyote viko juu ya boneti. Na katikati herufi kubwa, zimenyooka, zinasomeka hata kutoka barabarani: MMESEMA SANA SASA TAZAMENI.

Tangu nizaliwe nawasikia wanawake wa nyumba hii wakisema kanga mpya irowekwe kwanza, isiguse kitu, itachuja rangi. Nilidhani wanazungumzia nguo.

Nikaketi juu ya tairi la akiba. Wiki nne Shangazi amemeza maneno ya Bi Tumu asijibu. Sasa jibu limeandikwa mbele ya gari lake, kwa wino wa damu, na kesho linakwenda Mambrui mpaka mlangoni pa Bi Tumu mwenyewe.

Saa nne Dena akatokea na kopo lake. Nikasimama mlangoni pa banda, mikono nimeitanua, nikamwambia kazi imekwisha, Mungu amlipe, arudi Kilifi salama. Akavitazama viganja vyangu. Vilikuwa vyekundu. Akapita chini ya kwapa langu. Akainua kanga. Akauliza kitu kimoja tu, kama niliiroweka. Nikamwambia si kila mtu anakaa na wanawake jikoni. Akasema yeye pia hakai, ila ana mama.

Akajaribu sabuni. Akajaribu polishi kwenye pembe ya herufi ya mwisho, akasugua, akasimama. Rangi ya kanga imezama ndani, akasema, na akiendelea atafika kwenye bati. Basi akafanya alichoweza. Akapaka nta, akangoja ikauke iwe na ukungu, akaifuta kwa fulana, akarudia mara ya pili. Gari likang'aa kama siku liliposhushwa melini. Maneno nayo yakang'aa. Yalikuwa hayajasomeka vizuri namna ile! Mtu angeweza kunyoa ndevu ndani ya neno SASA.

Shangazi akaja. Akasoma huku midomo ikimcheza. Hakupiga kelele. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama, na hilo lilinitisha kuliko nyuki. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama. Nikaziweka funguo kiganjani mwake. Akasema gari hili halitoki, yatafutwe ya kukodi. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

Shekha akatokea anatembea kwa visigino, hina mbichi miguuni na mikononi. Akasoma. Akaanza kucheka! Alicheka mpaka machozi, akawa anayafuta kwa bega. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia tangu tulipomzika baba yake. Akamwambia mama yake kwamba sisi tuliambiwa tunyamaze na tumenyamaza, gari halikuambiwa. Atakwenda nalo.

Shangazi akasema watu watasema tumekwenda kupigana. Akasema Bi Tumu anaweza kumfungia mlango bibi harusi, mbele ya watu wote, na aibu ya namna hiyo haifutiki.

Shekha akaacha kucheka. Akasema, "Wakinifungia, mama, gari la baba litanirudisha."

Shangazi alisimama akampa Dena funguo, akamwambia kesho ndiye atakayeendesha.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Hakuna aliyeniona.

Ijumaa, 27 Juni

Nikaha ilifungwa baada ya swala. Alasiri tukaondoka. Dena usukani, Shekha nyuma amefunikwa, Shangazi kando yake na tasbihi. Mimi nilijipenyeza mbele. Nilisema lazima awepo mwanamume wa nyumba. Sababu ya kweli ilikuwa chini ya kanzu yangu. Kipande cha pili cha kanga! Mpango ulikuwa mwepesi: tukifika tu naruka, nafunika boneti kabla mtu hajasoma, aibu imefunikwa, Shangazi ananirudishia funguo palepale.

Njia nzima watu walisoma. Sokoni walipiga makofi. Karibu na daraja la Sabaki mwenye baiskeli mmoja aligeuza shingo kutufuata, akaishia shimoni. Hakuna aliyecheka ndani ya gari. Nilitupa jicho kwenye kioo nikaiona mikono ya Shekha juu ya magoti, hina imekolea vizuri, vidole vinasokota pindo la ushungi. Jana alikuwa shujaa. Leo ni msichana anayekwenda kwa watu.

Nikashikwa na hofu ambayo siijui. Si ya funguo. Bi Tumu akiufunga ule mlango, mtoto huyu atarudi Malindi na hina yake, na mwenye kosa ni mimi, si mwingine. Niliwaza hivyo mpaka tukamaliza daraja. Kisha nikakumbuka mpango nikapata nafuu.

Mambrui. Vigoma, wanawake wamepanga safu pande mbili, Bi Tumu katikati mlangoni, mrefu, miwani puani. Gari halijasimama, nikaruka. Nikaangukia goti. Nikainuka, nikakunjua kanga, nikaitandaza juu ya boneti, nikaivuta pembe zote. Nikashusha pumzi. Nikawatabasamia.

Vigoma vikanyamaza.

Nikatazama nilichokitandaza. Vipande viwili vya doti moja huwa na maneno mamoja! MMESEMA SANA SASA TAZAMENI, mapya kabisa, yamenyooshwa na mkono wangu mwenyewe. Dena alikuwa amefumba macho.

Bi Tumu akasogea. Akasoma kanga. Akaiinua kwa vidole viwili, akasoma boneti. Akairudisha. Akauliza ni nani aliyeandika. Nikamwonyesha Dena kwa kidole.

Shangazi ndiye aliyeshusha kioo, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Neno limetoka nyumbani kwangu, Bi Tumu." Hakuinamisha macho.

Bi Tumu akageuka akaingia ndani.

Mlango ukabaki nusu wazi. Tukangoja. Sikuthubutu kusogea, maana nilikuwa bado nimeshika pembe ya kanga. Injini ilikuwa inapoa, inalia ta, ta, ta. Mwanamke mmoja nyuma ya safu akanong'ona kwamba wanarudishwa. Nilijua Shekha amesikia, kwa sababu ushungi wake ulitikisika. Nilitamani ardhi inimeze, na hapo sikuwa nacheza.

Kisha Bi Tumu akatoka. Mkononi ana kanga, ya samawati, laini kwa kufuliwa. Akaja mpaka kwenye gari, akaitandaza juu ya ile yangu, akailainisha kwa viganja kama anayetandika kitanda. KARIBU MWANANGU HAPA NI KWENU. Akasema kwa nguvu kwamba ni kweli alisema sana, na sasa ametazama, na gari hili mbona li hai! Akafungua mlango wa nyuma kwa mkono wake.

Vigelegele hivyo nadhani vilifika Malindi. Shekha alishuka analia. Shangazi alikuwa analia tangu kitambo. Bi Tumu na Shangazi walishikana mikono hawakuachana mpaka ndani. Dena alikuwa anakagua matairi. Mimi niliingiwa na mchanga machoni, pande zote mbili.

Tulipoziondoa kanga, boneti haikuwa na alama mpya hata moja. Dena anasema ni nta. Mimi nasema ni namna nilivyoitandaza.

Jumapili, 29 Juni

Barazani leo hakuna aliyesogea. Nilisimama. Nikawaeleza kwamba mambo yote ya Mambrui niliyapanga mwenyewe tangu mwanzo, kanga zote mbili. Walicheka sana. Nadhani waliniamini.

Funguo ni za Dena sasa, moja kwa moja. Atakuja kila Alhamisi kutoka Kilifi. Jana Shangazi aliketi bandani peke yake muda mrefu, akiitazama boneti. Nikamletea chai. Akaniambia maneno yale hataki yaondolewe, kwamba marehemu angeyaona angecheka mpaka kofia imwanguke, na kwamba huyasoma kila anapopita akajisikia mtu. Akasema kazi yangu ni moja, nifukuze kuku. Alisema bila hasira. "Usiguse kitu, mwanangu. Kitu chochote." Hajaniita mwanangu tangu nikiwa mdogo.

Nimelifikiri sana neno hilo. Ni neno la mtu aliyekata tamaa. Anaona haya kuniomba, masikini. Nani angependa gari la mumewe liwe na maandishi? Akilikuta jeupe kama maziwa atanikumbatia, na funguo zitarudi zenyewe. Dena alishindwa kwa sababu alitumia polishi, kitu laini mno. Jamaa mmoja anayefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi huko Marereni amenipa chumvi ya mawe, punje kubwa kama mahindi. Nina ndimu ishirini. Nina kumbi la nazi la kusugulia. Shangazi amekwenda kwa jirani mpaka Alasiri.

Saa nane unusu. Nimeanza na herufi ya kwanza. Inatoka!

Saa tisa kasorobo. M imekwisha. Imetoka na nyekundu yake yote na maziwa yake yote. Chini kuna kitu cha kijivu, kigumu, kinang'aa kuliko nta yoyote ya Dena. Nadhani hiyo ndiyo rangi ya asili ambayo hakuna aliyewahi kuifikia. Nasikia kandambili za Shangazi uani, amerudi mapema. Nimemwita aje aone.